Dawa ya Tatu Inataka Saini

"Wewe umemeza vidonge mpaka ukitembea unalia kama njuga! Ukipiga chafya hapa, duka zima la dawa linamwagika sakafuni! Na kwa sindano ulizochomwa, maji ukinywa yanavuja kila upande, nyumba nzima tuko kwenye hatari ya mafuriko! Halafu leo unaniletea karatasi nyingine nisaini? Sisaini. Nimesema sisaini, hata aje daktari mwenyewe na mama yake mzazi!"

Aliyekuwa akifoka hivyo, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, ni Dada. Jina analo, tena refu, lakini mtaa mzima unamwita Dada, mpaka wazee waliomzidi umri. Aliyekuwa akifokewa ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa makochi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu anayeitwa Springi. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake. Ya pili ni kwamba hajawahi kuonekana amekaa kitako kwa dakika tano mfululizo, na hiyo ya pili ndiyo iliyolifanya jina ligande.

"Mama yake daktari anaingiaje hapa?" Springi akauliza.

"Anaingia kwa sababu ndiye aliyemzaa huyo anayekujaribishia dawa kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli la jirani! Ya kwanza haikufungua. Ya pili haikufungua. Sasa kaokota ya tatu!"

"Dada, ni saini tu."

"Saini tu!" Dada aliushusha mwiko. "Mimi nimepiga taipu ofisini miaka thelathini na moja. Nimepiga barua za kuajiri watu na nimepiga za kuwafukuza. Unajua tofauti kati ya barua na karatasi ya kufungia karanga? Saini. Hakuna 'saini tu' duniani. Kaa chini tuongee kama watu."

"Nimekaa."

"Umekaa upande mmoja. Huo mwingine uko wapi, umeshatangulia kazini?"

Kweli, Springi alikuwa ameegemea mkono wa kochi, mguu mmoja umekanyaga chini, mwingine unacheza kama cherehani. Kochi lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake mwaka aliofiwa na mumewe, miaka tisa sasa, na mahali pake pa kukaa pako vilevile kama siku lilipotoka karakana, kwa kuwa hapajawahi kukaliwa na mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Karatasi ilitakiwa irudi hospitalini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Juu palikuwa na jina la mgonjwa, pamejazwa. Chini palikuwa na mstari mtupu, na chini ya mstari maneno: *Msimamizi wa dawa, anayeishi nyumba moja na mgonjwa.* Sasa nyumba ile ina watu wawili. Mmoja ni mgonjwa. Mtoto wa pekee wa Springi yuko mbali, anapiga simu Jumapili, anauliza hali, anakata. Amebaki nani? Dada. Na bila saini, dozi inampita Springi, inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Nesi alimwonyesha orodha hiyo. Ilikuwa na kurasa za kufunuafunua.

"Basi mimi nakwenda kazini," Springi akasema.

"Nenda! Na karatasi yako ondoka nayo, isije ikasainiwa na upepo!"

*

Tuseme kidogo habari ya ugonjwa, ili tuelewane.

Ni homa ya ini aina C. Iligunduliwa miaka kumi na moja nyuma, siku Springi alipokwenda kwa moyo mmoja kumtolea damu shemeji yake aliyelazwa. Wenzake walipewa soda na biskuti, yeye akaitwa pembeni. Daktari wa wakati ule alifikiri ameipata kwenye damu aliyoongezwa alipojifungua mwanawe, lakini ni kufikiri tu, hakuna ajuaye. Kama ni hivyo, kile kirusi kilikuwa kimepanga kwenye ini lake zaidi ya miaka ishirini na hakijawahi kupiga hata hodi.

Wakamwanzishia tiba ya kwanza. Sindano kila Ijumaa na vidonge asubuhi na jioni, wiki arobaini na nane. Ijumaa anachomwa, Jumamosi anatetemeka chini ya mablanketi, Jumapili ana hasira na kila kiumbe, Jumatatu yuko kazini. Nywele zilimtoka, zikabaki kama kiraka cha zulia. Hasira ndizo zilizokuwa balaa. Siku moja aliirushia redio nyundo kwa sababu mtangazaji alicheka. Mteja mmoja alikuja kulalamika kwamba kochi lake linabonyea, akaondoka yeye ndiye ameomba msamaha. Na baada ya wiki zote hizo, daktari akatazama majibu, akasema, "Mama, mwili wako haukuitikia dawa." Kana kwamba uliitwa, ukasikia, ukanyamaza kwa kiburi.

Tiba ya pili ilikuja miaka kadhaa baadaye, na hiyo ilikuwa raha tupu. Kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili. Hakuna sindano, hakuna kutetemeka, nywele zilibaki kichwani. Dada ndiye aliyeshika usukani. Alitundika kalenda kwenye ukuta wa jikoni, akaifungia kalamu nyekundu kwa uzi, na kila siku saa moja asubuhi alisimama na glasi ya maji.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Dada, mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe angekuwa ameshameza."

Wiki zikaisha, damu ikapimwa, kirusi hakionekani. Daktari alisema wasubiri miezi mitatu wapime tena ndipo waseme neno. Lakini nani wa kumwambia Dada asubiri? Mtaa mzima uliarifiwa kabla ya jua kuzama. Baada ya miezi mitatu wakapima. Kimerudi. Dada akalazimika kupita nyumba kwa nyumba kurudisha ile habari, kama mtu anayerudisha masufuria aliyoazima, na kila mlango akiulizwa, "Kwani ilikuwaje?" anasema, "Acha tu."

Hiyo ni miaka miwili sasa. Na mwezi uliopita walipompima ini kwa kile kimashine cha kupitisha ubavuni, daktari, msichana wa kiasi cha umri wa mwanawe, alisema ini limeanza kukakamaa. "Bado halijaharibika, mama. Lakini hatuna tena muda wa kuchezea. Kuna dawa mpya, maalumu kwa waliokosa kupona na zile za mwanzo. Kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani. Baada ya hiyo, kwa leo, sina nyingine ya kukupa."

Kwa hiyo unaona, habari ya saini haikuwa mchezo.

*

Karakana iko nyuma ya duka la vitambaa, ua uliofunikwa kwa mabati. Springi anafanya kazi humo na mwenzake mmoja, fundi mbao anayechonga fremu, mrefu kiasi kwamba taa ikiungua hawahitaji kiti. Anaitwa Ngazi.

Springi ni fundi wa mtindo wa zamani. Vijana wa siku hizi wanapiga kitambaa kwa stepla, ta ta ta, wamemaliza. Yeye anaweka misumari midogo ishirini kwenye shavu, anausukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, kichwa mbele, nyundo yenye sumaku inaudaka, pa, umeingia. Anaweza kupiga mgongo mzima wa kochi bila kugusa msumari kwa kidole, na bado akagombana na wewe huku shavu limejaa. Tangu augue, kopo lake la misumari na nyundo yake amevizungushia utepe mwekundu, hakuna mwingine anayegusa, kwa sababu msumari hukwaruza fizi na homa hiyo inapita kwenye damu. Hilo alilishika sawasawa. Hakuna wa kumlaumu hapo.

Tatizo lilikuwa kopo la pili.

Kopo la pili, pembeni mwa hilo, lilikuwa la vidonge vya kiungulia. Vile vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya chaki, vinavyouzwa kibandani kati ya peremende na viberiti. Gundi ya sponji na thina vinachoma kifua, ukishinda humo ndani tumbo linageuka betri ya gari. Kila fundi wa kazi hiyo anavitafuna. Ngazi anatafuna. Bwana wa duka la vitambaa akija kudai pango anajichotea. Springi alikuwa anatafuna nane, kumi, siku ya gundi nyingi hata kumi na tano, kama mwingine anavyotafuna karanga. Hakuna aliyewahi kuviita dawa. Dawa inatoka hospitali, ina jina lako juu, na Dada anakuinulia ulimi.

Sasa Jumanne ya wiki hiyohiyo Springi alikwenda kuandikishwa. Chumba chenyewe kina meza, kabati la bati, kiti kimoja cha mgonjwa ambacho sponji yake imekufa. Springi alikitazama mara moja tu akajua imekufa tangu lini. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anaandika polepole kama anayechonga.

"Kaa, mama."

"Nimezoea kusimama."

"Haya. Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana."

Mpaka hapo ni kama wakati wa tiba ya pili. Swali lilelile, jibu lilelile. Lakini huyu nesi hakugeuza ukurasa. Aliivaa miwani, akasema, "Watu wote wananijibu hivyo. Hebu niambie tu, kila kitu kinachoingia mdomoni mwako tangu unaamka mpaka unalala. Kila kitu."

"Chai."

"Chai."

"Mkate. Saa nne chai tena. Mchana chakula, anachopika Dada. Misumari."

Kalamu ikasimama. "Misumari?"

"Simezi. Naiweka tu shavuni."

"Mama, una matatizo mangapi hasa?"

Springi akamweleza kazi yake. Nesi akacheka mpaka miwani ikaanguka, akaandika *misumari*, akapigia mstari. "Endelea."

"Basi. Maji. Jioni chakula. Na vile vya kiungulia, lakini hivyo si dawa."

Nesi hakucheka. "Vingapi?"

"Vichache tu."

"Vichache vingapi?"

"Kumi."

"Kwa wiki?"

Springi alitazama kabati. Nesi aliweka kalamu chini, akatoka, akarudi na daktari.

Daktari aliongea kwa upole, na huo upole ndio uliomkera Springi kuliko kufokewa. Alisema kile kidonge cha mara ya pili kinahitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke vizuri na kuingia kwenye damu. Vile vya kiungulia vinaiua asidi. Kwa hiyo huenda wiki zote kumi na mbili alikuwa anameza dawa nzuri na mwili unapata nusu yake. "Sisemi ni hivyo kwa uhakika, mama. Yawezekana kirusi chako ni kibishi tu. Lakini hii mpya ina tabia hiyohiyo. Unameza ukiwa umekula, na hivyo vidonge unaviacha kabisa. Na nataka mtu wa nyumbani ajue hivyo, asaini, akusimamie. Nani alikusimamia mara ile?"

"Dada yangu."

"Alijua kuhusu vidonge hivi?"

"Hakuuliza."

"Safari hii mwambie."

Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa ni mwendo wa saa nzima, na Dada alipouliza wamesema nini, alijibu, "Wameuliza maswali tu."

Na kuna kitu hata daktari hakuambiwa. Mwaka mmoja nyuma, Ngazi, ambaye akila lazima asome, hata kama ni maandishi ya kwenye debe la rangi, aliokota karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye pakiti la vile vidonge. Akaisoma kwa sauti, mdomo umejaa. Akafika mahali paliposema visitumiwe pamoja na dawa nyingine bila kumwuliza daktari. Akatazama juu. "Springi, na vile vyako vya ini ulikuwa unachanganya?"

"Soma kimoyomoyo, unatuharibia chakula."

Yakaishia hapo. Yaani, yaliishia kwa Ngazi. Kwa Springi yaliingia mahali, yakakaa, na tangu siku hiyo akawa anatafuna vidonge vyake akiwa amempa Ngazi mgongo.

*

Basi Alhamisi hiyo, baada ya njuga na mafuriko, Springi alifika karakana na karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa na siku mbili hajatafuna kidonge hata kimoja na kifua kilikuwa kinawaka moto. Alivua kitambaa cha kiti kimoja, akakiacha. Akavua cha pili. Akaenda mpaka getini, akarudi. Akaanza kukata sponji ya kochi la watu watatu, akasahau vipimo, akatoka kwenda kuvisoma ubaoni, akajikuta getini tena.

"Unamsubiri nani?" Ngazi akauliza.

"Simsubiri mtu."

"Mbona geti limechoka kukuona?"

Akamweleza. Si yote. Alimweleza saini na Ijumaa saa sita, na Dada aliyegoma.

"Tatizo dogo," Ngazi akasema. "Nisaini mimi."

"Inataka mtu wa nyumba moja."

"Nitahamia. Leo jioni naja na mkeka wangu, nalala sebuleni."

"Miguu utaiweka wapi, nje?"

"Basi andika niliwahi kuishi."

"Lini?"

"Watajuaje?"

Springi alicheka, na kucheka kulimchoma kifua. Kisha akafanya jambo la kijinga. Alichukua penseli ya fundi, akajaribu saini ya Dada kwenye kipande cha plaiwudi. Akajaribu tena. Ni saini ya mpiga taipu wa zamani, ina mikia miwili na mduara, inakwenda kama mtu anayecheza. Mara ya kumi na moja Ngazi aliinama kwa juu kutazama.

"Hiyo nzuri. Inafanana na kuku aliyepita kwenye rangi."

"Ngazi."

"Naam."

"Ukimsimamia mtu dawa, halafu asipone, unajisikiaje?"

"Mimi? Mimi ningesema ni dawa. Dada yako sijui." Akachukua randa yake. "Lakini yule si mtu wa kugoma bure. Yule hata akikukatalia chumvi ana sababu."

Springi alichukua msasa, akazifuta saini zote kumi na moja mpaka plaiwudi ikawa nyeupe. Jioni mezani, vijiko ndivyo vilivyoongea.

*

Ijumaa, saa moja asubuhi, alimkuta Dada chumbani kwake, amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari kama anayekwenda ofisini. Springi alisimama mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni.

"Dada, nimekuja mara ya mwisho. Ukikataa, dozi anapewa mwingine. Niambie tu kwa nini. Umechoka nami? Sema umechoka. Mimi mwenyewe nimechoka nami."

Dada alivuta droo ya chini ya kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua mapajani. Kalenda. Ile ya jikoni, ya miaka miwili iliyopita, na uzi wa kalamu bado unaning'inia.

"Njoo uone. Njoo, hutaumwa."

Springi akasogea. Alama nyekundu, mstari baada ya mstari, nyingine zimenyooka kama zimepigwa rula. Kidole cha Dada kikashuka mpaka mwezi wa tatu wa tiba, kikasimama kwenye viboksi viwili vitupu.

"Nilikwenda kumzika shangazi," Dada akasema. Sauti ya jana haikuwepo kabisa. "Siku mbili. Niliporudi nikakuuliza, ulimeza? Ukasema nadhani. Nadhani, Springi! Na majibu yalipokuja mabaya nikakuambia, labda ni zile siku mbili. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Springi hakukumbuka.

"Ulisema, labda."

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Alilisema akiwa anafunga kiatu, pengine, au anatafuta mkasi. Lilimtoka, akaenda zake. Mwenzake akaliokota, akalifunga kwenye kanga, akaliweka droo ya chini miaka miwili.

"Sasa leo unataka nisaini kwamba nitakusimamia," Dada akasema. "Mimi niliyekuacha siku mbili nikaenda kula pilau la matanga. Wakipima tena wakikikuta, hiyo saini ni ya nani? Kila mtu mtaani atakuonea huruma wewe. Mimi nitakaa na nani?"

Springi alikwenda dirishani. Akarudi. Akataka kwenda tena, miguu ikakataa, na ikawa ajabu ya mwaka: alikaa. Kitandani, kando ya dada yake, pande zote mbili.

"Nilimeza," akasema. "Zile siku mbili. Nilimeza zote, saa moja kamili, nikainua ulimi mbele ya kioo kwa kukuigiza."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Haikuwa wewe." Kifua kilikuwa kinawaka. "Ni vile vya kiungulia. Vya kopo. Vinaizuia dawa. Nilikuwa natafuna kumi kwa siku, wiki zote kumi na mbili. Daktari amesema huenda ni hivyo. Jumanne. Nesi aliniuliza kila kitu ninachotia mdomoni, nikataja misumari kwanza."

Dada alimtazama. Alitazama kalenda. Akamtazama tena, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama barua yenye makosa ambayo imeshatumwa.

"Vya kibandani," akasema.

"Ndiyo."

"Vile ninavyokununulia mimi nikitoka sokoni."

"Wakati mwingine."

"Wewe mtu!" Dada akasimama, kalenda ikaanguka. Sauti ilikuwa imerudi, na zaidi. "Nimekuinulia ulimi siku themanini na mbili! Nimepita mlango kwa mlango mtaani kurudisha maneno! Miaka miwili sili nikashiba, nikikuona umesinzia nasikiliza kama unapumua! Nimejiona muuaji, Springi, muuaji mwenye kalenda! Na wewe huku unatafuna chaki kama mjamzito!"

"Sikujua kama..."

"Kumi kwa siku!"

"Siku za gundi kumi na tano."

"Ananisahihisha!" Dada aliliambia kabati. "Ananisahihisha hesabu!"

Springi alikuwa ameshasimama tena. Dada alizunguka chumba, akafungua droo, akafunga droo, akapiga kofi ukuta. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Lete."

"Nini?"

"Karatasi, mjinga wewe! Saa sita itafika tumesimama hapa!"

Akaiweka juu ya kabati, akainyoosha ile mikunjo minne kwa ubavu wa mkono, akasoma kila neno kuanzia juu, hata namba ya fomu. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba msimamizi ameelezwa dawa zote anazotumia mgonjwa, alitoa pumzi kwa pua. Akaandika pembeni, kwa herufi kubwa za ofisini: HAKUNA VIDONGE VYA KIUNGULIA. Akasaini. Mikia miwili na mduara, na aliukandamiza kiasi kwamba kalamu ilitokeza upande wa pili.

"Utameza mbele yangu ukiwa umekula. Nikisafiri, unasafiri nami. Hata kama ni msiba."

"Sawa, Dada."

"Na nikikuona umetafuna hata kisichojulikana ni nini, nakupeleka kwa nesi nimekushika sikio."

"Sawa."

Springi alichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke. Ilikuwa saa mbili kasoro. Kwa mwendo wake angefika kabla hata dirisha la mapokezi halijafunguliwa. Alikuwa ameshafika sebuleni, viatu mguuni, aliposikia Dada anakuja nyuma yake, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

"Springi. Ngoja kwanza."

Akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Daktari amekuambia Jumanne. Sawa. Lakini wewe mbona tangu mwaka jana, ukiwa hapa nyumbani, vile vidonge ulikuwa unakwenda kuvitafuna uani?"

Springi akafungua mlango. Jua lilikuwa limeshapanda, mwenye duka la jirani alikuwa anamwaga maji kuzima vumbi.

"Nakuuliza. Ulijua tangu lini?"

Aliikunja karatasi mara moja tu, asiiharibu, akaitia mfukoni, akashuka ngazi za baraza mbili mbili, akaruka ile sehemu iliyolowa, akashika barabara ya hospitali.

"Springi! Tangu lini?"

Alikuwa ameshafika kwenye kona.